Kilichoua Nyasi za Namba Tisa

Siku yangu ya mwisho kazini ndiyo siku ya kwanza nilipokaa kwenye veranda ya Klabu ya gofu. Miaka thelathini na minne nimeifagia veranda ile, nimeipanga viti, nimeipita mbio na toroli la mchanga huku nimeinamisha kichwa ili wanaokunywa wasilione jasho langu. Siku hiyo nikaambiwa, "Masereka, keti." Nikaketi. Kiti chenyewe kilikuwa kigumu. Siku zote nilidhani wakubwa wanakalia kitu laini zaidi.

Wakaleta chai. Kijana wa jikoni akaanza kunitilia sukari, na mmoja wenu ninyi wa uwanjani akamtania: "We, mbona unamwagia mzee sukari Kiwafula?" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nimelicheka neno hilo miaka kumi na tisa.

Mnalitumia kila siku. Petroli ikifurika kwenye mashine ya nyasi, mmemwaga Kiwafula. Rangi ikidondoka ukutani, fundi amepaka Kiwafula. Wengi wenu hamjui hata kama Wafula ni mtu. Ni mtu. Yuko hai, anakula, anakohoa. Ndiye aliyenifundisha kazi hii yote mnayoniitia bingwa. Na neno lenyewe ni uongo, na aliyeutia maji uongo huo ukamea ni mimi. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nataka liwekwe stoo, pale kwenye rafu ya mafuta, mlisome mkipumzika.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipewa vyeo vinne, na kila kimoja kilikuja na koti la mvua jipya na kazi ya mtu mwingine juu ya ile yangu. Mshahara pia nauacha. Ninachotaka mjue ni kazi.

Mimi nimezaliwa milimani juu ya Bwera, mpakani na Kongo, na shule niliachia darasa la tano. Kiswahili changu ni cha kazini, cha kuchanganya na Wakenya na Wakongo na watu wa mgodi. Binti yangu ameninyooshea herufi, lakini maneno ni yangu. Hakuna mtu aliyenisukuma kutoka nyuma, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilishuka mjini Kasese juu ya lori la kahawa, nina miaka ishirini na moja na shati moja, na nimeondoka nikiwa mtu ambaye klabu za mbali zilituma magari kuja kumuuliza namna ya kuotesha nyasi. Wenye diploma walikuja na madaftari, wakaandika ninachosema. Hilo lilitokea, na hata baada ya kusoma yaliyo chini hamtaweza kusema halikutokea.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Wafula amechuchumaa karibu na mto, anachekecha mchanga. Yeye ni mtu wa Kenya, upande wa Bungoma. Baba yake alikuja kufanya kazi mgodini, akamleta mtoto, mgodi ukalala, mtoto akabaki. Alikuwa mkubwa wa uwanja wa gofu. Nilimwambia natafuta kazi. Hakuuliza jina wala shule. Alisema, "Leta mikono." Nikampa. Akaigeuza juu chini kama mtu anayenunua viazi.

"Mikono ya kulima," akasema. "Hapa hakuna kulima, kijana. Hapa ni kupangusa. Utaweza kupangusa?"

Nikasema nitaweza. Sikujua anachozungumza.

Ninyi mmekuta Klabu ina grini za nyasi, laini kama zulia. Sisi hatukuwa nazo. Kuzunguka kila shimo la gofu tulikuwa na duara la mchanga uliolowa oili chafu ya injini, mweusi, tukiita brauni. Oili inaushika mchanga usipeperuke, na mpira unateleza juu yake bila kuruka. Zilikuwa brauni tisa. Mchanga tuliutoa mtoni, tukauchekecha mara mbili, tukauanika, tukauchanganya na oili tuliyoletewa na watu wa malori. Oili ikizidi, mpira unakwama na suruali za wageni zinaharibika. Ikipungua, upepo wa mchana unabeba kazi yako yote. Mzee Wafula alikuwa akifinya mchanganyiko ngumini na kuufungua. Ukibaki na alama ya vidole bila kuchafua kiganja, umeiva. Mimi nilichukua miezi minane kuipata ngumi ile. Wengine waliokuja baadaye hawakuipata kabisa.

Kifaa kikubwa kilikuwa ubao. Mzee Wafula aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mvule, urefu wa hatua moja ya mtu mrefu, chini ameupigilia gunia, juu ameutia kamba. Kila kundi la wachezaji likimaliza, brauni imejaa nyayo. Unaingia na ubao mpaka kwenye shimo, halafu unarudi kinyumenyume ukizunguka, unazunguka, kama mstari wa konokono, mpaka unatoka nje. Ubao unafuta nyayo zao, na unafuta zako.

"Ukimaliza," Mzee Wafula alikuwa akisema, "isijulikane ulipita."

Alilisema hilo mara nyingi mpaka likanichosha. Mimi nilitaka ijulikane.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mikavu. Mgeni mmoja mwenye suruali nyeupe alidharau brauni zetu mbele ya wenzake, akasema yeye amezoea kucheza kwenye nyasi. Akateleza, akakaa chini kwenye namba tatu. Mzee Wafula akamsogelea na ubao, akangoja kwa heshima mpaka mtu yule akasimama, halafu akapangusa alama ya makalio yake, taratibu, mara mbili. Hakutabasamu hata kidogo. Mimi ilinibidi niende nyuma ya mti. Mwaka ambao mto ulifurika na kutuletea mawe makubwa kama mbuzi juu ya namba mbili, alitupanga mstari tukapokezana mawe kwa mikono siku kumi na moja, na kila jioni alihesabu vidole vyetu kabla hatujaondoka. Alisema anataka kurudisha watu kamili kwa wake zao.

Basi nikapewa brauni tatu kuwa zangu: namba saba, nane na tisa. Namba tisa ndiyo iliyo mbele ya veranda, ile inayoonekana na kila anayekunywa. Adui wa brauni ni lumbugu, majani yale yanayotambaa chini kwa chini. Ukigeuza mgongo, yameingia ukingoni mwa mchanga, yametoboa. Dawa ya Mzee Wafula ilikuwa moja: piga magoti, ng'oa kwa kidole, fuata mzizi mpaka mwisho wake. Kila wiki, duara zima. Magoti yangu yalikuwa yameota sugu kama ya ngamia.

Sasa, shangazi yangu alikuwa akiishi Kabatoro, ana kiwanja chake cha chumvi ukingoni mwa ziwa. Chumvi nzuri huuzwa. Ya chini kabisa, ile nyekundu yenye matope, chungu, wanapewa ng'ombe, na ikikosa ng'ombe inatupwa. Nilipomtembelea niliona kwamba pale inapotupwa hakuoti kitu. Hata lumbugu. Nikasimama pale muda mrefu nikitazama ardhi ile tupu, na nikajiona mwenye akili kuliko watu wote wa wilaya.

Nikarudi na gunia. Nikawa nakoroga chumvi ile kwenye jerikeni, naja mapema kabla ya wengine, namwaga ukingoni mwa brauni zangu, hasa namba tisa. Baada ya wiki mbili lumbugu ikakauka. Haikurudi. Wenzangu walikuwa bado wamepiga magoti, mimi nimesimama na ubao wangu, nimeshika kiuno.

Sifa zikaanza. Wachezaji wakawa wanasema namba tisa ndiyo brauni safi kuliko zote. Mmoja alinipa kofia. Mzee Wafula aliniuliza mara moja nafanyaje, nikamwambia nang'oa alfajiri watu wakiwa wamelala. Akasema, "Wewe unanishinda." Alisema kwa furaha. Jioni ile alinikabidhi ubao wake wa mvule, akajichongea mwingine wa mti mbaya. Alisema ubao mzuri uwe na mkono mzuri.

Nilimwaga chumvi pale miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyejua, hata mke wangu. Gunia lilikaa nyumbani, nikasema ni la mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Halafu akaja meneja mpya, mwanajeshi mstaafu, tukimwita Afande. Alikuwa ameona klabu za Kampala. Akatukusanya, akasema, "Hii mambo ya oili imekwisha. Nataka nyasi. Tunaanza na namba tisa, hapa mbele ya macho yangu." Akamgeukia Mzee Wafula: "Mzee, unaweza ama nitafute mtu?" Mzee Wafula alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Akasema anaweza. Aliwahi kuotesha nyasi nzuri za nyumba za wakubwa wa mgodi, alijua kazi.

Akaifanya kama anavyofanya kila kitu. Akaondoa mchanga wote wa oili. Akachimba kwenda chini kiasi cha kiganja, akaleta udongo mweusi, akachanganya samadi iliyokaa mwaka mzima, akapanda vipande vya nyasi kimoja kimoja kwa kijiti, mstari kwa mstari. Akawa anamwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni. Mimi nilimsaidia kupanda. Niliona hatari iko mbali, chumvi ilikuwa ya juu juu, nayo imeondoka na mchanga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli sikutaka kufikiri.

Zilishika vizuri wiki tatu. Wiki ya nne zikageuka manjano, kuanzia ukingoni, kwa duara kamili. Duara langu mimi. Nililijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Mzee Wafula akaongeza mbolea kidogo, akaongeza maji kidogo. Kumbe jua la Kasese linapokausha maji ya juu, linavuta ya chini, na yanapanda na chumvi yake. Kila alivyomwagilia ndivyo nilivyomuua. Asubuhi moja tukakuta unga mweupe umelala juu ya udongo.

Alinikuta bombani naosha miguu.

"Masereka."

"Mzee."

"Nitakuuliza kitu moja, na sitarudia. Kuna kitu ulikuwa unaweka kwa namba tisa?"

"Kitu gani, Mzee?"

"Mimi ndio nauliza."

"Hakuna."

Akaitazama mikono yangu, kama siku ile ya kwanza. "Sawa," akasema, akafunga bomba lililokuwa linadondoka, akaenda.

Siku iliyofuata Afande alituita wote kwenye namba tisa. Wachezaji walikuwa wamesimama kwenye veranda na glasi zao. Nyasi zilikuwa zimekufa, zimebaki katikati tu kama kipara cha kinyume. Akachota ule unga kwa ncha ya kiatu.

"Wafula, hii ni nini?"

"Sijui, Afande."

"Haujui? Mbolea ya stoo umebeba wewe, na haujui?"

"Niliweka kiasi."

"Kiasi ya nani?" Akazungusha macho, akanipata. "Masereka. Wewe ndio ulikuwa unaangalia hapa. Kuja. Hii ni nini?"

Nilikuja. Niliinama, nikachukua unga ule katikati ya vidole viwili, nikausugua kama mtaalamu. Mzee Wafula alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kofia mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mnaweza kufikiri niliogopa kufukuzwa, na kweli nilikuwa nimepewa nyumba ya kwota, ile ya wafanyakazi, mwezi huohuo, na mke wangu alikuwa mjamzito. Lakini sitaki kuwadanganya mara ya pili. Si njaa iliyonifunga. Ni watu wa veranda. Walikuwa wananitazama, mimi wa namba tisa, mwenye mkono mzuri, na ningesema ingejulikana kwamba mkono ule ulikuwa gunia la chumvi ya ng'ombe.

Nikasema, "Inafanana na mbolea, Afande."

Maneno manne. Mzee Wafula akavaa kofia yake.

Waliandika kwamba ameunguza nyasi kwa kuzidisha mbolea. Wakampa siku saba kutoka kwota, mtu aliyekuwa amekaa pale tangu kabla ya baadhi ya wakubwa hao kuzaliwa. Mchana uleule jikoni mpishi alimwaga mchuzi, mtu akasema, "Unamwaga kama Wafula." Kesho yake neno limefupishwa kuwa Kiwafula. Neno zuri husafiri haraka, nalo lilikuwa zuri, lazima nikubali. Siku aliyoondoka, pikapu ilibeba kitanda chake na madebe mawili ya maua aliyokuwa ameotesha, kwenda Bwera, ambako binti yake Nekesa aliolewa. Alipita stoo kuaga. Alimshika kila mtu mkono. Aliponifikia mimi alinishika pia. Nilitamani asingenishika.

Kazi yake nikapewa mimi. Nikamwambia Afande anipe miezi mitatu kwenye namba tisa bila kuulizwa chochote. Sikilizeni sasa, maana hapa kuna kazi na itawafaa. Nilichimba mpaka magotini, nikatupa udongo ule wote mtoni. Chini nikapanga mawe ya mto, juu yake changarawe, juu yake mchanga ambao haujaona oili. Nikafungulia maji, siyo kidogo kidogo, bali ya kufurika, wiki sita, yakizama na kutoka kwa mfereji nilioukata kuelekea mtoni. Kila Jumatatu nilichukua udongo wa pembeni, nikageuka kama mtu anayepenga kamasi, nikauonja. Wiki ya sita haukuwa na ladha. Ndipo nikapanda. Nyasi za namba tisa mnazimwagilia mpaka leo.

Walinipiga picha. Mmeiona, ipo ukumbini karibu na mlango wa choo: Masereka, aliyefufua namba tisa. Baada yake nilibadilisha brauni nane zilizobaki, na yale magari ya wenye diploma ndipo yalipoanza kuja. Waliniuliza siri. Niliwaambia ni mkono. Na kweli, hakuna mtu Kasese nzima angeifufua namba tisa kama mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua imekufa kwa nini. Miaka kumi na tisa nimesifiwa kwa kuzima moto nilioutia mwenyewe. Watu wanafikiri sifa ya namna hiyo ni tamu. Ni kama ile chumvi nyekundu: inaonekana chumvi, ukiiweka ulimini ni chungu.

Ndugu zangu, nimekuwa mkali. Mnaniogopa, najua mnaniita Koplo nikigeuka. Aliyeacha alama ya kiatu kwenye grini nilimfokea mpaka akalia. Sasa mnajua nilikuwa namfokea nani.

Turudi kwenye veranda. Mwaka huu Klabu imeamua nyasi zikatwe na kampuni yenye mashine ya kukalia, ninyi mbaki na kumwagilia, kwa hiyo nimestaafishwa nikiwa na miaka hamsini na mitano na magoti mazima. Kulikuwa na keki. Afande, ambaye sasa anatembea na fimbo, alihutubia. Akasimulia habari ya namba tisa tangu mwanzo, jinsi mzee mmoja mjinga alivyoiunguza na kijana mmoja asiye na shule akaifufua. Wakapiga makofi. Halafu wakaleta zawadi, imefungwa kwa karatasi ya maua. Nikaifungua.

Ulikuwa ubao. Ule wa mvule. Waliutoa stoo, wakang'oa gunia, wakaupaka vanishi mpaka unang'aa kama jeneza, na katikati wakapigilia kibati cha shaba: Masereka, Bingwa wa Namba Tisa. Nikashika ubao aliouchonga Mzee Wafula kwa mikono yake, wenye jina langu, na mmoja wenu akaomba tupige picha. Chai sikuimaliza. Ilikuwa na sukari nyingi.

Siku mbili nilikaa nao nyumbani. Siku ya tatu nikapanda gari la Bwera, ubao magotini.

Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa watu waliovuka kutoka Kongo na vitenge na maharage. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza sabuni. Akasema, "Ule muzee wa Kenya? Eko kule nyuma ya nyumba ya bluu. Anaanika kahawa yake, muende tu." Nikaenda. Nekesa alikuwa anaosha vyombo. Alinitambua, akanionyesha kwa kidevu, hakunikaribisha.

Mzee Wafula alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya turubai la kahawa. Amekauka, amekuwa mdogo. Macho ni yaleyale.

"Masereka," akasema. "Umenenepa."

"Nimestaafu, Mzee."

"Walikufukuza?"

"Hapana. Wamenistaafisha."

"Kulikuwa na keki?"

"Ilikuwepo."

"Basi ni kufukuza. Wameongeza keki tu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikakaa chini, juu ya tofali. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu gari lilipopita Kisinga yakaniishia. Nikasema, "Mzee, namba tisa haikuwa mbolea. Ilikuwa chumvi."

"Ya Kabatoro," akasema. "Ile nyekundu, ya ng'ombe."

Nikainua kichwa.

"Nilionja," akasema. "Siku majani yaligeuka manjano nilichukua udongo nikaweka kwa ulimi. Mimi nimekula chumvi ya Kabatoro tangu nikiwa mdogo, nitakosa kuijua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ni mtoto wa hapa, mimi ni Mkenya. Wangesema natafuta mtu wa kumtupia." Aliokota punje mbovu ya kahawa, akaitupa. "Tena nilikuwa nangoja useme wewe. Nilikuuliza pale bombani. Ukasema hakuna. Halafu Afande akakuita, nikasema moyoni, sasa Masereka atasema."

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha, na kwamba nilitaka ajue ukweli.

"Ukweli mimi ninao. Unaniletea mimi wa nini?" Hakupandisha sauti. "Nekesa alienda harusi huko Kasese. Akasikia mtu anaambiwa, umemwaga bia Kiwafula. Watu wanacheka. Akarudi hapa akaniuliza, Baba, kwani wewe ulimwaga nini?" Akanitazama. "Mimi nilimwaga nini, Masereka?"

"Maji, Mzee."

"Basi enda uwaambie hao wanaocheka. Sio mimi."

Nikampa ubao. Aliupokea, akaugeuza chini akatafuta gunia, hakuliona. Akapitisha kidole gumba juu ya vanishi. "Wameuua," akasema. Akakisoma kibati kwa taabu, amekiweka karibu na jicho. Akamwita Nekesa alete kisu. Kibati kilikuwa na skrubu nne. Alizifungua moja moja kwa ncha ya kisu, hakuharakisha, akazikusanya kwenye kiganja. Kisha akanikabidhi kibati na skrubu zake zote.

"Hii ni yako."

Akavua ndala. Akaingia na ubao katikati ya turubai, juu ya kahawa, akaanza kurudi kinyumenyume akizunguka, anazunguka, mpaka akatoka nje. Alipomaliza kahawa ilikuwa imelala sawa, na haikujulikana alipita. Hakunitazama tena. Nilingoja kidogo, halafu nikatafuta gari la kurudi.

Kibati kiko hapa mezani ninapoandika. Picha ya ukumbini mkitaka kuishusha, msumari wake umelegea, hamtahitaji nyundo. Namba tisa endeleeni kuimwagilia kwa kufurika, mara moja kwa siku nne, kamwe msimwagilie kidogo kidogo, kwa sababu sijui huko chini kumebaki nini. Na siku sukari itakapozidi kwenye chai, vijana, semeni Kimasereka.